Ndege ya Miaka 80 Inarukaje? Tuelewe Umri wa Ndege

Kila mwaka, mwezi wa saba ukielekea mwisho, picha za aina moja, za mikusanyiko ya ndege za kale, huanza kuzunguka kwenye simu za watu hapa Lubumbashi. Uwanja mpana wa majani, ndege ndogo za rangi ya njano, nyekundu na buluu zimepangwa mistari hadi jicho lichoke, na wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja chini ya mabawa wakinywa kahawa. Maelezo yanasema baadhi ya ndege hizo zilitengenezwa kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Hapo ubishi unaanza. Mmoja anasema ni za makumbusho, hazina hata injini. Wa pili anasema hao ni matajiri waliochoka kuishi. Wa tatu anauliza: mbona sisi kila ndege ikianguka tunaambiwa ilikuwa kuukuu, na wenzetu wanaruka na zilizo kuukuu kuliko zetu, tena kwa kujifurahisha?

Swali la huyu wa tatu ni zito, na hapa Katanga linatugusa sana. Mtu mwenye mgonjwa Kalemie, au mfanyabiashara mwenye mzigo Kongolo, hapandi ndege kwa starehe. Anapanda kwa sababu treni haina uhakika na barabara ya masika inameza malori. Mtu anayefunga mkanda kwenye ndege ndogo huku moyo unamdunda ana haki ya kujua aogope nini hasa. Wengi tunaogopa miaka, na miaka peke yake haitoshi kumwambia mtu lolote.

Ndege gani tunazizungumzia

Ndege nyepesi ni ndege ndogo, kwa kawaida ya injini moja, inayobeba watu wawili, wanne, pengine sita. Chukua mfano wa Piper J-3 Cub, ile ya njano yenye mstari mweusi ubavuni ambayo huonekana sana kwenye picha hizo. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 350 hivi. Injini yake ya kawaida ina nguvu za farasi 65. Mwendo wake ni kama kilomita 120 kwa saa, na ilitengenezwa kwa wingi mno, karibu ndege 20,000, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1947. Mwenzake wa Uingereza ni Tiger Moth ya kampuni ya de Havilland, yenye mabawa mawili juu na chini, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931 na kufundisha maelfu ya marubani wakati wa vita.

Ndege ya kale nayo ina mipaka yake. Chama cha wapenzi wa ndege hizo huko Marekani, Vintage Aircraft Association, kimezigawa kwa tarehe ya kutengenezwa. Kundi la kwanza ni za hadi tarehe 31 Agosti 1945, la pili ni za kuanzia hapo hadi mwisho wa 1955, na la tatu linaanzia 1956. Ukifika kundi la tatu unakuta Cessna 172, ndege ambayo mpaka leo shule nyingi za urubani duniani hufundishia.

Mkusanyiko wenyewe ni siku chache ambapo wenye ndege hizi hufika kwa kuruka na ndege zao. Hapo ndipo unapotofautiana na maonyesho ya anga, ambako watu hulipa kiingilio wakatazame ndege za kivita zikipinduka angani. Katika mkusanyiko, ndege imekuja na mwenyewe, analala kwenye hema kando ya gurudumu, na jambo kubwa la siku ni mazungumzo. Kuna mikusanyiko midogo ya ndege thelathini na kuna ile mikubwa. Lock Haven, Pennsylvania, Marekani, mji uliokuwa na kiwanda cha Piper, hupokea Cub kila mwaka mwezi wa sita. Uingereza, wenye Tiger Moth kwa miaka mingi walikutana Woburn Abbey. Mkubwa kuliko yote ni wa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin huko huko Marekani. Uliandaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Milwaukee na chama kilichoanzishwa na Paul Poberezny, ukahamia Oshkosh mwaka 1970 na kubaki huko, na siku hizi ndege zaidi ya 10,000 hufika eneo hilo ndani ya wiki moja.

Ndege 10,000 zinatuaje bila kugongana? Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo mtu anapoona kwamba hao si wacheza hovyo. Marubani wanapewa waraka wa maelekezo miezi kabla. Wanaingia kwenye mstari mmoja juu ya mji mdogo wa Ripon, wanafuata reli hadi kijiji cha Fisk, wote kwenye kimo cha futi 1,800 na mwendo wa noti 90 (kama kilomita 167 kwa saa), kila mmoja nyuma ya mwenzake. Fisk kuna waongozaji wamesimama chini na darubini. Hawaulizi jina wala namba ya ndege. Wanasema kwenye redio, “ndege ya njano yenye bawa la juu, tikisa mabawa,” na rubani anatikisa bila kujibu kwa mdomo, ili redio isijae sauti. Kwenye barabara ya kutulia kuna alama kubwa za duara za rangi mbalimbali, na kila ndege inaambiwa iguse kwenye rangi yake, hivyo mbili au zaidi huweza kutua kwenye barabara moja kwa kufuatana. Asiyeweza kufuata utaratibu anatolewa kwenye mstari na kurudishwa mwanzo.

Miaka, saa, na safari

Chukua pikipiki mbili. Moja ni ya mwalimu wa Kamalondo, ina miaka kumi, anaipanda kwenda shuleni na kanisani, jioni anaifuta na kuifunika. Nyingine ni ya manseba, dereva wa teksi ya pikipiki, ina mwaka mmoja, inalala saa tano za usiku na kuamka saa kumi, inabeba abiria wawili na gunia la unga juu ya tanki. Ukipewa uchague moja ya kwenda nayo Likasi, hutauliza ilinunuliwa mwaka gani. Utauliza imetembea kiasi gani, imebeba nini, na nani amekuwa akiifungua injini.

Ndege inahesabiwa hivyohivyo, ila kwa ukali zaidi, kwa hesabu tatu zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni saa za kuruka: injini za pistoni za ndege nyepesi nyingi hupewa na mtengenezaji kikomo cha saa 2,000 hivi, kisha zifunguliwe zote na kujengwa upya. Ya pili ni idadi ya safari, yaani kila kupaa na kutua. Ya tatu ni kalenda, kwa ajili ya vitu vinavyoharibika hata vikiwa vimelala: mipira, mabomba ya mafuta, mikanda, kitambaa.

Hesabu ya pili ndiyo imeua watu wengi kabla haijaeleweka. Ndege ya abiria inayoruka juu sana hujazwa hewa ndani ili watu wapumue. Kila safari mwili wake unavimba kidogo na kunywea, na chuma kinachovimba na kunywea mara nyingi huchoka, kinapata ufa mdogo usioonekana, na ufa unakua. Dunia ilijifunza jambo hilo kwa uchungu mwaka 1954, pale ndege mbili za de Havilland Comet zilipopasuka angani, moja mwezi wa kwanza na nyingine mwezi wa nne. Comet ilikuwa fahari ya Uingereza, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria, na ilikuwa imeanza kazi hiyo Mei 1952 tu. Wachunguzi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, walitumbukiza mwili wa Comet nyingine kwenye tanki kubwa la maji na kuujaza na kuupunguza maji ndani tena na tena, mpaka ulipopasuka. Ile iliyoanguka mwezi wa kwanza haikuwa imefikisha safari 1,300.

Cub haina shida hiyo, kwa sababu haijazwi hewa. Inaruka chini, na mlango wake watu huuacha wazi wakiwa angani. Mifupa yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na juu yake kuna kitambaa. Mifupa hiyo ikikaguliwa na kulindwa na kutu, haina sababu ya kufa kwa uzee.

Kitu kinachozeeka ni nini, basi?

Kutu, kuoza, na uchovu wa chuma. Kutu inakula mabomba kutoka ndani, hasa sehemu ya chini ya mkia ambako maji hukusanyika. Mbao, kwa ndege zenye mhimili wa bawa wa mbao, huoza pale unyevu unapojificha, na gundi za zamani huachia zikilowa na kukauka miaka mingi. Panya nao wamo: wakijenga kiota ndani ya bawa, mkojo wao unatoboa bati la alumini polepole, na mwenye ndege hajui mpaka afungue. Mtu wa Lubumbashi anayeijua masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, hahitaji maelezo zaidi kuhusu unyevu.

Ndiyo maana ndege inayolala chini ya mwembe miaka minne inatisha kuliko inayoruka kila Jumamosi. Injini isiyowashwa hukaukiwa mafuta ndani, na kutu inashika vyuma vinavyopaswa kuteleza. Lycoming, watengenezaji wakubwa wa injini hizi, wanaagiza mafuta yabadilishwe kila saa 50 au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Hiyo miezi minne ni kwa ajili ya wale wasioruka.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hapo ndipo watu hushangaa kuliko pote. “Ndege ya nguo!” Zamani kilikuwa pamba au kitani. Siku hizi ni poliesta nzito. Kinagundishwa kwenye fremu kikiwa kimelegea, kisha kinapigwa pasi. Pasi ya kweli, ya nguo, iliyopimwa joto lake kwa kipimajoto: kwanza kama nyuzi 120, kisha kama 175, na kitambaa kinajivuta chenyewe mpaka kinakaza. Halafu kinashonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta na sindano ndefu kama mkono, mtu mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini wakirudishiana, fundo moja kila baada ya sentimita chache. Baada ya hapo ni tabaka za rangi, na moja wapo ina unga wa alumini, ya rangi ya fedha, ambayo kazi yake ni kuzuia jua. Adui mkubwa wa kitambaa ni jua, mvua inafuata mbali. Kikikaa kwenye banda kizuri, kinaweza kudumu miaka 20 na zaidi, na kila mwaka kinapimwa. Kikishindwa kipimo kinachanwa chote, na hapo ndipo fundi anapata nafasi ya kuona kila bomba na kila mshono uliokuwa umefunikwa.

Kwa hiyo Cub ya mwaka 1946 unayoiona kwenye picha, inawezekana ina injini iliyojengwa upya juzi, kitambaa cha miaka saba, magurudumu ya mwaka jana. Kinachoifanya iwe ya 1946 ni fremu, bamba la namba, na daftari. Daftari ndilo roho ya jambo lote. Kila saa iliyorukwa, kila boliti iliyobadilishwa, kila ukaguzi wa mwaka, vimeandikwa kwa tarehe na sahihi ya fundi mwenye leseni. Ndege isiyo na daftari thamani yake inashuka vibaya hata kama inang'aa, kwa sababu hakuna anayejua imebeba nini na imepita wapi.

Wanakutana kwa nini?

Watu hudhani ni sherehe, na kweli kuna furaha, kuna nyama za kuchoma, kuna mashindano ya ndege iliyotunzwa vizuri kuliko zote. Lakini ukikaa karibu unaona ni shule. Viwanda vilivyotengeneza ndege nyingi kati ya hizi vilikufa zamani. Kile cha Lock Haven kilifungwa 1984. Hakuna ofisi ya kupiga simu kuuliza kwa nini bomba la kushoto la mkia hupata ufa. Anayejua ni mzee mmoja aliyekuta ufa huo kwenye ndege yake, na mwenzake aliyekuta pale pale. Wakikutana wote wawili chini ya bawa moja, wa tatu anayesikiliza anarudi nyumbani na kwenda kutazama pale. Watu wa aina moja ya ndege wana chama chao, wanahifadhi michoro ya kiwanda, wanatengenezesha vipuri kwa pamoja. Kuna mahema ya kufundishia kuchomelea, kushona kitambaa, kusoma nyufa. Na kuna watoto: tangu 1992 mpango wa Young Eagles umerusha bure zaidi ya watoto milioni mbili wa miaka 8 hadi 17, rubani akijitolea mafuta na wakati wake.

Mtazame rubani wa Cub asubuhi anapojiandaa. Kwanza anatazama waya mwembamba unaochomoza kwenye kifuniko cha tanki, mbele ya kioo. Chini ya waya huo kuna kizibo kinachoelea kwenye petroli. Petroli ikipungua, waya unazama. Hicho ndicho kipimo chote cha mafuta, hakina umeme wa kufa. Anachota petroli kidogo kutoka chini ya mfumo kwenye kikombe cha kioo na kukiinua juani, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini, na maji kwenye kabureta yanazima injini wakati wa kupaa. Anapitisha kiganja kwenye makali ya propela akitafuta mkwaruzo. Anaweka vizuizi kwenye magurudumu na kufunga mkia kwa kamba, kwa sababu Cub nyingi hazina starta: mtu anasimama mbele, anavuta propela kwa mikono, na kurudi nyuma mara moja. Injini ikishapata moto, anageuza swichi kushoto, anasikiliza, kisha kulia, anasikiliza. Kila silinda ina plagi mbili, na kila seti ya plagi ina magneto yake inayojizalishia cheche bila betri. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Sauti ikishuka mno upande mmoja, hakuna kuruka siku hiyo.

Basi kwa nini zetu zinaanguka?

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov An-32 ya mizigo ilishindwa kunyanyuka katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikapita mwisho wa barabara na kuingia soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wakiuza na kununua walikufa. Wengi walisema, na wanasema mpaka leo, ni zile ndege kuukuu za Warusi. Lakini An-32 ya kwanza kabisa duniani iliruka mwaka 1976, kwa hiyo ndege ile haikuweza kuwa na zaidi ya miaka 20. Kilichoishinda ni mzigo uliopita kiasi. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya abiria ilishindwa kupaa Goma na kuingia nyumba na maduka ya Birere, mbele ya barabara iliyokuwa imefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002. Familia za Goma hazijasahau, na haifai zisahau. Ukitaka kuwaheshimu waliokufa, usikubali jibu jepesi la “ilikuwa nzee”. Jibu hilo linamwacha salama aliyepima mzigo vibaya, aliyesaini karatasi bila kukagua, na aliyeacha uwanja bila kuukarabati.

Orodha ya Umoja wa Ulaya inathibitisha jambo hilo hilo. Ilipotoka kwa mara ya kwanza, Machi 2006, karibu kampuni zote za ndege zilizopewa leseni nchini Kongo zilipigwa marufuku kuruka Ulaya. Watu wengi wanaamini sababu ni ndege za zamani. Sababu iliyotajwa ni usimamizi: mamlaka ya nchi haikuonyesha kwamba inakagua kampuni inazozipa leseni. Kampuni yenye ndege mpya chini ya mamlaka hiyo hiyo inaingia kwenye marufuku hiyo hiyo.

Hata hivyo, tusiwapambe hao wenzetu kupita ukweli. Kuruka kwa ndege ndogo binafsi ni hatari zaidi kuliko kupanda ndege kubwa ya abiria. Marekani kwenyewe, kundi hilo lina kama ajali moja ya vifo kwa kila saa 100,000 za kuruka, na makosa ya rubani ndiyo yanayoongoza. Na tarehe 4 Agosti 2018, Junkers Ju 52 iliyotengenezwa 1939 ilianguka kwenye milima ya Uswisi na kuua wote 20 waliokuwa ndani. Uchunguzi ulieleza kwamba marubani waliingia bondeni chini mno, bila nafasi ya kujiokoa. Lakini wachunguzi walipofungua vyuma walikuta pia kutu na matengenezo yenye kasoro, mambo ambayo hayakuiangusha siku ile lakini hayakupaswa kuwepo. Serikali ya Uswisi ikaizuia kampuni iliyokuwa ikiirusha ndege hiyo kubeba tena abiria wa kulipa kwa ndege hizo. Uzito wa hukumu hiyo unaeleza tofauti kubwa: mwenye Cub anahatarisha nafsi yake kwa hiari, akijua. Abiria aliyelipa tiketi ya Kalemie hakuhojiwa, amekabidhi tu uhai wake kwa watu wengine, na sheria inapaswa kumlinda kwa kiwango cha juu zaidi.

Mambo mawili madogo yanayosumbua watu. Injini ya ndege nyepesi ikizimika haianguki kama jiwe, inateleza. Ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi inaweza kwenda kama kilomita nane au tisa kabla ya kugusa chini, na Cub hugusa kwa mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa. Shamba la mahindi lililovunwa linatosha. Kuhusu utajiri, wapo wenye mali nyingi, lakini Cub nyingi huuzwa kwa bei isiyofikia Land Cruiser mpya, na mara nyingi watu wanne au watano huchanga kununua moja. Mwalimu mstaafu, fundi bomba, mkulima.

Na Katanga je?

Mtu akidhani mambo haya hayatuhusu, akumbuke Kamina. Miaka ya 1950 jeshi la anga la Ubelgiji lilikuwa na shule ya marubani katika kambi ya Kamina, na walifundishwa kwa Harvard, ndege ya injini moja yenye kishindo kikubwa ambayo leo ni kipenzi cha mikusanyiko ya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ilikwishaunganisha Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Elisabethville (Lubumbashi ya leo) kwa ndege. Anga ya hapa imezijua ndege hizi zikiwa mpya.

Na Afrika bado inazijua. Novemba na Desemba 2016 kundi la ndege za kale, nyingi za mabawa mawili juu na chini, lilitoka kisiwa cha Krete hadi eneo la Cape Town. Lilitua karibu na piramidi za Giza, likazuiwa Gambela nchini Ethiopia kwa ajili ya vibali, likapita Kenya, Tanzania na Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa. Kongo halikuingia.

Kwa mkusanyiko wa namna hiyo hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kizuizi cha kwanza ni petroli ya ndege. Injini za pistoni hutumia petroli maalumu, tofauti na mafuta ya taa ya ndege yanayotumiwa na ndege ndogo za abiria kama Let 410 au Cessna Caravan, na petroli hiyo nchini kwetu hupatikana kwa shida na kwa bei kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo Caravan imezisukuma pembeni Cessna ndogo za pistoni. Kizuizi cha pili ni kimo. Luano iko mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya nguvu 65 hapa inabaki na nguvu kama 56. Mchana wa Oktoba, joto likipanda, inapungua hata zaidi. Cub yenye watu wawili na tanki lililojaa ingehitaji barabara ndefu na rubani mwenye subira, apae alfajiri. Kizuizi cha tatu ni vibali.

Mafundi si kizuizi. Mchomeleaji aliyekulia kwenye karakana za kampuni ya madini ya Gécamines, Likasi au Kolwezi, anaijua kazi ya bomba jembamba. Wengi wao wamewahi kupaka kwenye chuma ile rangi nyekundu inayopenya, kuifuta, kupuliza unga mweupe, na kusubiri ufa ujiandike wenyewe. Kipimo hicho hicho ndicho kinachotumika kwenye vyuma vya ndege. Wanachokosa ni leseni ya ndege, na leseni husomewa.